Kwa Nini 4,294,967,297 Si Namba Tasa

Swali limetoka kwa mwalimu wa hisabati wa shule ya sekondari: "Katika klabu yetu ya hisabati mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliandika ubaoni 3, 5, 17, 257 na 65,537, akaonyesha kwamba kila namba inatokana na iliyoitangulia: unatoa moja, unatafuta mraba wa kinachobaki, kisha unaongeza moja. Zote tano ni tasa. Ya sita ni 4,294,967,297. Tuliigawanya kwa namba tasa mia moja za mwanzo, kuanzia 2 hadi 541, na kila mara likatokea baki. Je, tuseme ni tasa? Na kama siyo, ni namba ya namna gani?"

Mwalimu, namba hiyo si tasa. Ni zao la 641 na 6,700,417, na hizo mbili ndizo zilizo tasa. Namba 541 mliyokomea ni namba tasa ya 100, nayo 641 ni ya 116, kwa hiyo mlikuwa mmebakiza hatua kumi na sita tu. Sisemi hivi kwa kuwacheka, kwa sababu mtu aliyeteleza mahali hapohapo alikuwa miongoni mwa wanahisabati wakubwa kabisa wa karne ya 17, na kosa lake lilikaa miaka zaidi ya tisini kabla hajatokea wa kulisahihisha.

Mtu huyo ni Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa, ambaye hisabati aliifanya kwa mapenzi tu baada ya kazi za mahakama. Mwaka 1640 aliwaandikia wenzake, akiwemo Frenicle de Bessy, kwamba anaamini kila namba katika mfuatano huo wa mwanafunzi wako ni tasa, bila mwisho, ingawa alikiri kwamba uthibitisho kamili hana. Tukiziandika kwa vipeo, namba zenyewe ni 2¹ + 1, 2² + 1, 2⁴ + 1, 2⁸ + 1, 2¹⁶ + 1, na ya sita, iliyowasumbua ninyi, ni 2³² + 1. Kipeo kinaongezeka maradufu kila hatua. Leo zinaitwa namba za Fermat. Tarehe 1 Desemba 1729 Christian Goldbach alimwandikia kijana Leonhard Euler, aliyekuwa St Petersburg, akimuuliza kama anaifahamu kauli hiyo ya Fermat. Mwaka 1732, akiwa na umri wa miaka 25, Euler alijibu kwa mfano mmoja uliovunja kauli nzima: 2³² + 1 inagawanyika kwa 641.

Swali linalostahili kukaliwa zaidi ni hili: alijuaje pa kutafuta? Kama mngeamua kuendelea na njia yenu mpaka mwisho, mngelazimika kujaribu kila namba tasa isiyozidi kipeuo cha pili cha 4,294,967,297, ambacho ni 65,536 na sehemu ndogo mno. Namba tasa zilizo chini ya 65,536 ni 6,542. Kazi hiyo inawezekana, lakini ni kazi ya kipofu, kwa sababu inaichukua namba hii kana kwamba ni namba yoyote ile iliyookotwa njiani, ilhali yenyewe ina umbo la pekee, 2³² + 1, na umbo hilo linawawekea vigawo vyake masharti makali. Ukiyajua masharti, vigawo vingi unavikataa kabla hujashika hata kalamu.

Tuanze na namba ndogo ili wanafunzi waone kwa macho. Chukua 17, ambayo ni 2⁴ + 1, na uandike mabaki ya vipeo vya 2 vinapogawanywa kwa 17. Utapata 2, 4, 8, 16, kisha 15, 13, 9, na mwisho 1. Ukiendelea, mzunguko unaanza upya. Angalia kwamba katika hatua ya nne baki ni 16, yaani pungufu ya 17 kwa moja, na kwamba 1 inafikiwa katika hatua ya nane, mara mbili ya ile ya nne. Hili halikutokea kwa bahati. Baki la 16 kwa hesabu za mabaki ni sawa na −1, na mraba wa −1 ni 1, kwa hiyo kipeo kinachotoa −1 kikiongezwa maradufu lazima kitoe 1.

Sasa chukulia kwamba kuna namba tasa, tuiite p, inayogawa 2³² + 1 bila baki. Hiyo ni sawa na kusema kwamba 2³² ikigawanywa kwa p inabakiza −1, na kwa hiyo 2⁶⁴ inabakiza 1. Mzunguko wa mabaki ya vipeo vya 2 kwa p hauwezi basi kuwa mfupi kuliko hatua 64, maana urefu wake lazima uigawe 64, na kama ungekuwa 32 au chini ya hapo, 2³² ingebakiza 1 badala ya −1. Upande wa pili ipo kanuni inayosema kwamba kipeo cha p − 1 cha namba yoyote isiyogawanyika kwa p hubakiza 1, ambayo maana yake ni kwamba urefu wa mzunguko huigawa p − 1 bila baki. Ukiziweka pamoja hoja hizo mbili, 64 lazima iigawe p − 1. Kigawo chochote kilicho tasa cha 4,294,967,297 ni lazima kiwe zidisho la 64 ukiongeza moja. Na kanuni niliyoitaja ni ya nani? Ni ya Fermat mwenyewe, naye aliitangaza katika barua ya mwaka huohuo wa 1640. Alikuwa na ufunguo mfukoni na mlango mbele yake.

Orodha inakuwa fupi mno. Mazidisho kumi ya mwanzo ya 64, yakiongezwa moja, ni 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577 na 641. Kati ya hizo, 65 na 385 zinagawanyika kwa 5, nazo 129, 321 na 513 zinagawanyika kwa 3, kwa hiyo zinazobaki ni tano: 193, 257, 449, 577 na 641. Ukigawanya 4,294,967,297 kwa 193 baki ni 109. Kwa 257 baki ni 2. Kwa 449 ni 325. Kwa 577 ni 288. Na kwa 641 hakuna baki, jibu ni 6,700,417 kamili. Tatu za mwanzo zimo katika zile mia mlizokwisha kuzijaribu. Kwa njia hii, basi, mlibakiza migawanyo miwili tu, si kumi na sita.

Inawezekana hata kupunguza zaidi. Mwaka 1878 Édouard Lucas alionyesha kwamba kuanzia 17 na kuendelea vigawo vya namba za Fermat vimebanwa mara mbili ya hapo, kwa hiyo kwa namba hii 64 inabadilishwa na kuwa 128. Sababu ni kwamba namba tasa inayozidi zidisho la 8 kwa moja daima huwa na namba ambayo mraba wake unabakiza 2, na mzunguko wa mabaki ya vipeo vya namba hiyo una urefu mara mbili ya ule wa 2. Kati ya namba hizo tano, zinazotimiza sharti la Lucas ni 257 na 641 peke yake. Na 257 mngeweza kuikataa bila kugawanya, kwa sababu ukizidisha namba zote tano za ubaoni, yaani 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, unapata 4,294,967,295, na ukiongeza 2 unaipata namba yetu. Namba yoyote kati ya zile tano ikiigawa ya sita itabakiza 2 daima. Hapo 641 inakuwa ndiyo namba ya kwanza kabisa inayostahili kujaribiwa, na inafaulu. Kila ninapoieleza hoja hii hujisikia kama mtu aliyechimba kisima akakuta maji kwenye jembe la kwanza.

Wapo wanafunzi ambao hawataamini mpaka waone hesabu yenyewe, na wako sahihi. Wape hii, ambayo haihitaji kikokotoo. Anza na 2⁸, ambayo ni 256. Mraba wake ni 65,536. Toa 641 mara 102, yaani 65,382, inabaki 154. Mraba wa 154 ni 23,716. Sasa 641 mara 37 ni 23,717. Imepungua moja tu! Maana yake 2³² inabakiza −1 kwa 641, na ukiongeza moja unapata sifuri. Mistari mitatu ya daftari imetosha kuamua jambo ambalo kwa kugawanya moja kwa moja lingechukua nusu ukurasa.

Ipo pia njia isiyohitaji hata kuzidisha tarakimu tatu, ambayo mimi naipenda kuliko zote. Namba 641 inaweza kuandikwa kwa namna mbili: ni 640 + 1, yaani 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Kutokana na namna ya kwanza, 5 × 2⁷ inabakiza −1 kwa 641; ukiipandisha kwenye kipeo cha nne, 5⁴ × 2²⁸ inabakiza 1. Kutokana na namna ya pili, 5⁴ inabakiza sawa na −2⁴. Weka −2⁴ mahali pa 5⁴, unapata −2³² inabakiza 1, kwa hiyo 2³² + 1 inagawanyika. Uthibitisho umekwisha, na mwanafunzi anayejua sheria za vipeo anaweza kuufuata mwanzo hadi mwisho. Tahadhari moja tu: njia hii inathibitisha kwamba 641 ni kigawo kwa mtu anayeishuku tayari, haimwelezi aliyeipataje.

Kuhusu kuipata bila maelezo, kuna kisa cha Zerah Colburn, mtoto wa Vermont, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1804 na kuzungushwa na baba yake akionyesha uwezo wa kukokotoa kichwani. Alipokuwa London, akiwa na umri wa miaka kama minane hivi, aliulizwa vigawo vya 4,294,967,297 naye akataja 641.

Turudi kwa 6,700,417, maana nimesema ni tasa na sijathibitisha. Kigawo chake chochote ni kigawo pia cha 2³² + 1, kwa hiyo sharti la Lucas linakibana vilevile. Kipeuo cha pili cha 6,700,417 ni karibu na 2,588, na namba tasa zisizozidi hapo ambazo ni zidisho la 128 kuongeza moja ni tano: 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Mabaki yake kwa mpangilio huo ni 170, 44, 120, 334 na 622. Hakuna sifuri hata moja, basi 6,700,417 ni tasa. Migawanyo mitano imefanya kazi ambayo bila sharti hilo ingehitaji namba tasa mia kadhaa.

Sasa sehemu ya pili ya swali lako: ni namba ya namna gani? Sifa nyepesi nazipitia kwa haraka. Ni witiri, jumla ya tarakimu zake ni 59, na inaishia na 7 kama ilivyo kwa kila namba ya Fermat kuanzia 17. Vigawo vyake ni vinne tu, yaani 1, 641, 6,700,417 na yenyewe, na jumla yake ni 4,301,668,356. Ukiacha yenyewe, vigawo vilivyobaki vinajumlika kuwa 6,701,059, kiasi kidogo mno mbele ya bilioni nne, kwa hiyo iko mbali sana na zile namba timilifu, kama 6 na 28, ambazo vigawo vyake vinajumlika kuzirudia zenyewe. Haigawanyiki kwa mraba wowote unaozidi 1. Namba nzima zilizo chini yake zisizoshiriki nayo kigawo chochote zaidi ya 1 ni 640 × 6,700,416, ambayo ni 4,288,266,240.

Sifa iliyo tajiri zaidi ni ya miraba. Kwa kuitazama tu unaona kwamba ni jumla ya miraba miwili, 65,536² + 1². Ila kuna namna nyingine: 62,264² + 20,449². Mraba wa kwanza ni 3,876,805,696 na wa pili ni 418,161,601. Zijumlishe mwenyewe uone. (Na 20,449 yenyewe ni mraba wa 143, jambo ambalo halina kazi yoyote hapa ila linapendeza.) Namba tasa haiwezi kuandikwa kama jumla ya miraba miwili kwa namna zaidi ya moja, kwa hiyo kuwepo kwa namna ya pili ni ushahidi tosha kwamba namba yetu si tasa, hata kabla hujajua kigawo chake.

Ushahidi huo unatoa na vigawo vyenyewe. Chukua tofauti ya namba kubwa mbili, 65,536 − 62,264, ambayo ni 3,272, na tofauti ya zile mbili nyingine, 20,449 − 1, ambayo ni 20,448. Kigawo kikubwa cha shirika cha 3,272 na 20,448 ni 8. Gawanya zote mbili kwa 8, unapata 409 na 2,556. Sasa jumlisha miraba yake: 167,281 na 6,533,136. Jibu ni 6,700,417. Kigawo kimejitokeza chenyewe, na 641 nayo ni jumla ya miraba, 25² + 4². Euler aliipenda sana njia hii ya miraba miwili na aliitumia kuzipima namba nyingi kubwa. Kwa darasa la kidato cha tatu ningeianza na namba ndogo kama 65, ambayo ni 8² + 1² na pia 7² + 4². Tofauti ni 1 na 3, na jumla ya miraba ya hizo ni 10, ambayo haiigawi 65, lakini inashiriki nayo kigawo cha 5. Wanafunzi waone kwamba wakati mwingine hatua ya mwisho ni kutafuta tena kigawo cha shirika.

Ipo sifa nyingine ambayo huenda ndiyo iliyompoteza Fermat, ingawa hapa nakisia tu. Njia ya haraka ya kuishuku namba N kuwa si tasa ni kupandisha 2 kwenye kipeo cha N − 1 na kuangalia baki: kama baki si 1, N si tasa. Kwa namba yetu, N − 1 ni 2³², na tumeona kwamba 2⁶⁴ inabakiza 1 kwa N. Kwa kuwa 2³² ni zidisho la 64, jaribio linatoa 1. Namba inafaulu jaribio huku si tasa. Ni tasa bandia kwa kizio cha 2, na namba zote za Fermat hufaulu jaribio hilo, ziwe tasa au zisiwe. Anayejaribu kwa 2 hapati habari yoyote. Kizio cha 3 ndicho kinachofichua ukweli. Mwaka 1877 Théophile Pépin alithibitisha kwamba namba ya Fermat N, kuanzia 5, ni tasa ikiwa, na ikiwa tu, 3 ikipandishwa kwenye nusu ya N − 1 inabakiza −1. Jaribu kwa 17: nusu ya 16 ni 8, na 3⁸ ni 6,561, ambayo imepungua moja tu kufikia 6,562, yaani 17 × 386. Kwa 4,294,967,297 unahitaji kuipandisha 3 kwenye mraba mara 31 mfululizo, ukibakiza mabaki kila hatua, na mwishoni −1 haitokei. Kuzidisha namba za tarakimu kumi mara 31 kwa mkono ni kazi ya siku chache kwa mtu mvumilivu.

Kama kuna mwanafunzi wako anayeandika programu, mwonye mapema. Kompyuta ikihifadhi namba nzima katika biti 32, namba kubwa kabisa inayoenea ni 4,294,967,295, yaani lile zao la namba tano za ubaoni. Namba yetu kwa mfumo wa mbili ni 1, kisha sifuri 31, kisha 1, jumla tarakimu 33. Ukiilazimisha kuingia katika biti 32 ile 1 ya mbele inadondoka na programu inabaki na 1. Atakayeandika programu ya kutafuta vigawo bila kuchagua biti 64 ataambiwa kwamba namba haina kigawo chochote, na ataamini kama Fermat. Idadi ya anwani zote zinazowezekana katika mfumo wa zamani wa intaneti, ule wa namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, ni pungufu ya namba yetu kwa moja.

Tukiacha kompyuta, namba za Fermat zina nafasi ya heshima katika jiometri. Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss, akiwa hajatimiza miaka 19, aligundua kwamba pembenyingi sawa yenye pande 17 inaweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake. Yeye, na Pierre Wantzel aliyekamilisha uthibitisho mwaka 1837, walituachia kanuni kwamba pembenyingi sawa yenye idadi ya pande iliyo witiri inachorika pale tu idadi hiyo inapokuwa namba tasa ya Fermat, au zao la namba tasa za Fermat zilizo tofauti. Kwa hiyo pembenyingi yenye pande 4,294,967,297 haichoriki, kwa sababu 641 na 6,700,417 hazimo katika jamii hiyo. Punguza pande mbili tu, uwe na 4,294,967,295, na inachorika kwa nadharia. Ndiyo kubwa kuliko zote zenye pande witiri tunazozijua. Ya kuchora kwa chaki ubaoni, hapana.

Umeniuliza pia, kwa maneno ya pembeni, kama mfuatano huo utatoa namba tasa nyingine mbele. Mpaka leo haijapatikana. Zile tano za mwanafunzi wako ndizo zote tunazozijua, na ya mwisho yake, 65,537, hutumika kila siku katika ufunguo wa wazi unaolinda mawasiliano ya intaneti, mtu anapofungua tovuti ya benki kwa mfano. Tukiihesabu 3 kuwa ya sifuri, namba zote za Fermat kuanzia ya 5 hadi ya 32 zimethibitishwa kuwa si tasa, na kati ya hizo zimo mbili, ya 20 na ya 24, ambazo tunajua si tasa ilhali hakuna aliyewahi kuona hata kigawo kimoja cha yoyote kati yake. Ya 33, yenye tarakimu zaidi ya bilioni mbili na nusu, haijaamuliwa.

Kwa kikao chenu kijacho ningewapa inayofuata, 2⁶⁴ + 1, yaani 18,446,744,073,709,551,617. Fortuné Landry alitangaza vigawo vyake mwaka 1880 akiwa na umri wa miaka 82: ni 274,177 na 67,280,421,310,721. Namba hiyo haiingii katika kikokotoo chenu cha tarakimu kumi, lakini uhakiki wake unaingia. Chukua 2³², ambayo ni 4,294,967,296, na uitoe 274,177 mara 15,664. Inabaki 258,768, ambayo imepungua 15,409 kufikia 274,177, kwa hiyo tunaweza kuihesabu kuwa −15,409. Mraba wa 15,409 ni 237,437,281. Kisha waambie wazidishe 274,177 kwa 866, na uwaache waangalie tofauti wenyewe.